Uzi: Mvua ya radi hutabiriwaje barani Afrika, na kwa nini mafuriko ya Ahero yatazamwe kutoka Londiani

MwalimuWaKano

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kila masika mabishano huwa ni yale yale. Tahadhari ya mvua kubwa inatolewa kwa bonde la Ziwa Victoria na nyanda za juu za magharibi, jua linawaka Kondele, mjini Kisumu, mchana kutwa, na ifikapo jioni watu wamekwisha kuamua kwamba watabiri wanabahatisha. Usiku huo huo mto Nyando, unaoshuka kutoka nyanda za Londiani, unavunja kingo zake na maji yanaingia majumbani Ahero, mahali ambapo huenda halikudondoka hata tone moja. Ningependa tulijadili jambo hili kwa kina, kwa sababu naamini watu wengi wanapoteza mali na hata maisha ilhali utabiri ulikuwepo. Waliupokea kama ahadi juu ya paa la nyumba yao, wakati ulikuwa kauli ya uwezekano juu ya eneo lenye maelfu ya kilomita za mraba.

Nianze na mvua yenyewe. Wingu la radi huhitaji unyevu wa kutosha karibu na ardhi, hewa ya chini yenye joto iliyofunikwa na hewa baridi kiasi kwamba ikishaanza kupanda haizuiliki, na kitu cha kuisukuma ipande mara ya kwanza. Kuna jambo la nne, ambalo huamua kama wingu litakufa baada ya nusu saa au litaishi usiku kucha, nalo ni tofauti ya kasi na mwelekeo wa upepo kati ya chini na juu. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tunayo yale mawili ya kwanza karibu kila siku ya mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mtabiri wa Kisumu hasumbuliwi sana na swali la kama kutanyesha mahali fulani katika bonde hili. Linalomkosesha usingizi ni pale kisukumio kitakapokuwa, na saa yake.

Kisukumio chetu kinajulikana vizuri. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo wa ziwa unavuma kuelekea bara, unavuka uwanda wa Kano, kisha unakutana na upepo wa mashariki kwenye miteremko ya Nandi, Tinderet na Kericho. Hapo hewa haina pa kwenda ila juu. Hii ndiyo sababu Kericho imejulikana duniani kwa mvua ya mawe, ambayo huchana majani ya chai kiasi kwamba katika miaka ya 1960 zilirushwa roketi za milipuko, na pia ndege zilizobeba iodidi ya fedha, ili kujaribu kuizuia. Jioni mawingu hayo husukumwa na upepo wa mashariki yakarudi upande wa ziwa. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa upesi, maji yanabaki na joto, pepo za nchi kavu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania zinakutana katikati ya ziwa, na ngurumo zinahamia huko hadi alfajiri.

Ukilitazama bara zima utaona kwamba kila eneo lina mtambo wake. Bonde la Congo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Hesabu za setelaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Katika Saheli, mkondo wa upepo wa mashariki ulio kilomita tatu hadi nne juu ya ardhi huyapanga mawingu katika safu ndefu zinazosafiri mamia ya kilomita usiku kucha. Tarehe 1 Septemba 2009, Ouagadougou ilipokea zaidi ya milimita 260 za mvua kwa muda wa saa chache. Huko Durban, Aprili 2022, mvua iliyoua zaidi ya watu 400 ililetwa na mfumo wa hewa baridi uliojitenga angani, jambo ambalo sisi huku hatulijui. Anayechora ramani ya hatari ya bara zima, basi, hawezi kutumia kipimo kimoja kuanzia Dakar hadi Durban. Lazima ajue ni nini huua watu wapi.

MvuviWaDunga

Mwalimu, heshima kwako. Hayo ya usiku yanatuhusu sisi moja kwa moja. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, taa zikiwa zimeelea juu ya maji, na hizo ndizo saa ambazo umesema ngurumo zinahamia ziwani. Utabiri wa ziwa tunaupata kwenye simu kupitia kamati ya ufuo, nao unataja upepo, mawimbi na mvua. Ninachotaka kuelewa ni hiki: ikiwa wanajua kwamba dhoruba itakuwepo usiku, kwa nini hawasemi ni saa nane au saa kumi, upande wa Mbita au upande wa Mageta?

MwalimuWaKano

Ndugu yangu Mvuvi, swali lako ni zito na linastahili jibu refu. Weka sufuria ya maji ya ugali motoni. Unajua kwa hakika kwamba yatachemka, unaweza hata kukadiria baada ya dakika ngapi, lakini hakuna awezaye kukuonyesha kwa kidole mahali povu la kwanza litakapotokea. Utabiri wa radi uko hivyo, na kwa hiyo hutengenezwa kwa tabaka.

Tabaka la kwanza ni la siku tano hadi wiki mbili kabla. Hapo mtabiri hatafuti wingu lolote. Anatazama hali kubwa zinazoandaa uwanja. Kuna wimbi kubwa la mawingu na upepo linaloizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki kwa muda wa siku 30 hadi 60, na linapokuwa juu ya Bahari ya Hindi mvua za nyanda zetu za juu huelekea kuongezeka. Kuna pia vimbunga. Kimbunga kikikaa mashariki mwa Madagascar, huweza kuuvuta upepo wa magharibi kutoka Congo ukaja kwetu umebeba unyevu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim, na masika ya mwaka huo yalikuwa miongoni mwa mazito tuliyoyaona.

Tabaka la pili ni la siku moja au mbili kabla, na hapa ndipo modeli za kompyuta hufanya kazi kubwa. Kituo cha Ulaya cha utabiri huendesha modeli yake ya dunia mara 50 kwa wakati mmoja, kila mara ikianza na hali iliyobadilishwa kidogo, ili kuona matokeo yanatofautiana kiasi gani. Modeli huigawa dunia katika masanduku, na ya modeli hii yana upana wa kilomita 9 hivi. Wingu la radi ni dogo kuliko hapo, kwa hiyo modeli hailioni. Hulikadiria kwa kanuni. Kanuni hizo zina kasoro inayofahamika: huinyesha mvua mapema mno, karibu na adhuhuri, ikiwa nyepesi na iliyotapakaa, ilhali ukweli wa Afrika ni mvua ya alasiri na usiku, iliyojikusanya na yenye nguvu. Tafiti za mwaka 2018 na 2020 zilionyesha kwamba utabiri wa mvua wa modeli hizi katika Afrika ya kitropiki kaskazini mwa ikweta haukuwa na ubora wowote wa maana kuliko kukisia kwa wastani wa miaka iliyopita. Hilo si jambo dogo, nami sioni sababu ya kulificha.

Kilicholeta matumaini ni modeli zenye masanduku madogo. Tangu 2011, idara ya hali ya hewa ya Uingereza imekuwa ikiendesha modeli ya kilomita 4 juu ya Ziwa Victoria, na baadaye ikapanuliwa. Modeli ya namna hiyo hulijenga wingu lenyewe, hivyo saa ya mvua na mzunguko wa mchana na usiku huonekana vizuri zaidi. Mahali hasa pa kunyeshea bado hukosewa, wakati mwingine kwa makumi ya kilomita. Ndiyo maana mtabiri mwaminifu hakuambii Mbita au Mageta asubuhi ya siku hiyo.

Tabaka la tatu ni la saa chache za mwisho, na ndilo linalokuhusu wewe uliye majini. Ulaya ina rada za mvua zaidi ya mia moja. Afrika ina chache mno, ingawa ziwa letu limebahatika kuwa na rada ya Mwanza upande wa Tanzania. Kwingineko tunategemea setelaiti. Meteosat, setelaiti ya Ulaya, imekuwa ikilipiga picha bara letu kila baada ya dakika 15, na kizazi kipya chake, kilichorushwa tarehe 13 Desemba 2022, hupiga kila dakika 10 na kina kifaa cha kuona miale ya radi. Programu hupima kasi ya kupoa kwa kilele cha wingu: kilele kikipoa upesi ina maana wingu linakimbia juu, na baada ya muda mfupi litaanza kupiga. Kwa njia hii mtabiri anaweza kusema kwamba dhoruba iliyo kusini mwa Rusinga itafika mahali fulani baada ya saa moja au mbili. Kwa hiyo saa nane au saa kumi hujulikana ukiwa tayari umeshaondoka ufuoni. Ujumbe huo ukitumwa kwenye simu iliyoachwa nyumbani, au iliyoko mahali pasipo na mtandao, kazi yote ya setelaiti inakuwa imepotea bure.

BintiWaNakuru

Mwalimu, asante kwa maelezo yaliyopangika, lakini naomba nipinge kidogo, kwa sababu naona mazungumzo yanaelekea kuwa ya mawingu peke yake. Kaunti yetu imezika watu wengi kwa maji ambayo hata utabiri kamili usingewasaidia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka huko Solai na zaidi ya watu 40 wakafa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye kalvati ya reli juu ya Mai Mahiu yalipasua kizuizi na kufagia vijiji vilivyo chini. Huko nako walikufa zaidi ya 40. Mvua za masika ya 2024 zilikuwa zimetabiriwa kuzidi wastani kabla msimu haujaanza, na ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda yetu, ilisema hivyo waziwazi. Kilichoua ni ukuta wa udongo na kalvati iliyojaa magogo. Hapa mjini, maji yanayoshuka kutoka Menengai yanapita kwenye mitaro iliyozibwa na nyumba, na nyufa za ardhi yetu zinafunguka mahali pasipotarajiwa. Je, ramani ya mtabiri ina nafasi ya mambo haya?

MwalimuWaKano

Dada, pingamizi lako ni la haki na linaongeza hoja. Mvua ni nusu ya mafuriko ya ghafla. Nusu nyingine ni ardhi. Mafuriko ya namna hii huhesabiwa kuwa ya ghafla maji yanapofika ndani ya saa sita tangu mvua iliyoyaleta, na katika muda huo mfupi kila kitu hutegemea mteremko, udongo, na kilichojengwa njiani.

Kuna mfumo unaojaribu kuyaunganisha haya mawili, ulioenezwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) na washirika wake wa Marekani kwa makubaliano ya mwaka 2009; kusini mwa Afrika una kituo chake Pretoria. Wazo lake ni rahisi na zuri. Kwa kila bonde dogo la kijito, kompyuta hukokotoa ni milimita ngapi za mvua ndani ya saa moja, tatu au sita zitakazotosha kukijaza kijito hadi ukingoni, kwa kuzingatia unyevu uliomo udongoni siku hiyo. Tuseme kijito fulani kingehitaji milimita 60 kwa saa tatu mwanzoni mwa Machi, udongo ukiwa mkavu. Baada ya wiki nne za mvua huenda milimita 25 zikatosha. Mtabiri anayetoa tahadhari ileile kwa mvua ileile, mwanzo na mwisho wa masika, anawaambia watu mambo mawili tofauti kwa maneno yaleyale. Na ongeza hesabu hii: milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita za mraba 100 ni maji ya mita za ujazo milioni 5, na yote hayo lazima yapite mahali fulani.

Ila mfumo huo hauoni kalvati ya Mai Mahiu, wala hauoni ukuta wa bwawa la Solai. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Kompyuta inadhani kijito ni huru. Anayejua kwamba kalvati imezibwa ni mkazi wa hapo au fundi wa reli, na mpaka taarifa hiyo imfikie mtabiri, ramani itaendelea kuonyesha rangi ya manjano mahali panapostahili nyekundu.

KijanaWaManyatta

Mimi nauliza jambo la kawaida, Mwalimu. Nimeona mahali fulani ramani za Marekani zinaandika asilimia 15. Asilimia 15 ni kidogo sana. Kuna mtu atakayefunga duka lake Manyatta kwa sababu ya asilimia 15?

MwalimuWaKano

Kaka, hapa ndipo ninapotaka tusimame kwa muda, kwa sababu mjadala wote unategemea hapa.

Wamarekani wana kituo huko Norman, Oklahoma, kinachotoa ramani za dhoruba kali kwa nchi nzima hadi siku nane mbele, na ofisi nyingine inayotoa ramani za mvua ya kupindukia. Hii ya pili ina ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa huanzia asilimia 5, inayofuata 15, kisha 40, na ya juu kabisa 70. Asilimia hizo zina maana iliyotajwa waziwazi: ni uwezekano kwamba, ndani ya kilomita 40 kutoka mahali ulipo, mvua itazidi kile kiwango cha kukijaza kijito. Hazikuahidi chochote juu ya mtaa wako. Lakini linganisha na siku ya kawaida. Siku nyingi za mwaka uwezekano huo ni mdogo mno, hata haufiki asilimia moja. Ukiambiwa 15, umeambiwa kwamba hatari ya leo ni mara nyingi zaidi ya ile uliyoizoea.

Sasa, usifunge duka. Kwa asilimia 15 unanyanyua magunia ya unga kutoka sakafuni, unamwambia mtoto asikatize mto Auji akitoka shule, na unaiacha simu ikiwa na chaji. Hayo hayakugharimu kitu. Kwa asilimia 40 unahamisha mali. Kwa 70 unahama wewe. Kila mtu ana gharama yake na hasara yake, na ndiyo sababu namba ina manufaa kuliko maneno matupu ya kwamba kuna uwezekano wa mvua kubwa katika baadhi ya maeneo. Na kwa kuwa umetaja Manyatta: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huweza kulibeba gari la kawaida. Boda boda haina nafasi hapo.

Ulaya kuna kundi la watabiri wa kujitolea, ESTOFEX, ambalo tangu 2002 limekuwa likichora ramani ya radi kwa bara lao lote. Wana ngazi tatu za hatari, na chini ya kila ramani mtabiri anaandika maelezo: upepo uko hivi, unyevu uko hivi, ninatarajia mawe hapa na mafuriko pale, na hili ndilo ninalolitilia shaka. Ninayapenda sana maelezo hayo. Msomaji anaona njia ya fikra, na siku ramani ikikosea anajua ni hatua ipi iliyoteleza.

Afrika hatuanzi kutoka sifuri. ACMAD, kituo cha hali ya hewa cha bara zima chenye makao Niamey, Niger, kiliundwa mwaka 1987. ICPAC, hapa Kenya, hutoa utabiri wa wiki kwa Afrika Mashariki na ramani za mahali mvua inapoweza kupita kiasi. Chini ya mpango wa WMO wa utabiri wa hali mbaya ya hewa, vituo vikubwa vya dunia huzipa Nairobi na Dar es Salaam picha za modeli, Nairobi inatoa mwongozo wa siku kadhaa kwa kanda, Dar es Salaam inashughulikia Ziwa Victoria, kisha kila nchi inaamua tahadhari yake. Mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2017, uliboresha sana utabiri wa ziwa. Mradi wa African SWIFT uliwaweka watabiri na watafiti wa nchi mbalimbali chumba kimoja, wakitazama setelaiti usiku na mchana na kujifunza kutabiri saa chache mbele.

Ninachodai ni hatua inayofuata. Ramani ya bara itolewe kila siku, iwe na ngazi za uwezekano zilizoelezwa maana, iwe na aya mbili tatu za sababu, na mwisho wa kila mwezi ichapishwe hesabu: mara ngapi tulisema 15, na mara ngapi ilitokea. Ikiwa kati ya siku mia moja za asilimia 15 mafuriko yalitokea kumi na tano, huo ni utabiri bora, ingawa siku themanini na tano zilipita kimya. Mwananchi ambaye hajawahi kuonyeshwa hesabu hiyo hana njia ya kulijua hilo. Anakumbuka siku zilizopita kimya na kudhani alidanganywa.

TutaLaBudalangi

Mwalimu, niongeze kwa ufupi kutoka huku chini Budalangi. Mto Nzoia si Nyando. Bonde la Nzoia ni la karibu kilomita za mraba 12,900, maji yanatoka Cherangani na Mlima Elgon, na mto wenyewe ni mrefu, kwa hiyo mvua ya Kitale hutufikia baada ya siku, wala si saa. Sisi hatuhitaji kujua wingu liko wapi saa hii. Tunahitaji kipimo cha maji pale Rwambwa na mtu wa kukisoma, na tunahitaji tangazo kwa lugha yetu. Redio ya jamii ya Bulala imekuwa ikitangaza kwa Kinyala, na wazee wanaitikia sauti hiyo upesi kuliko ujumbe wowote wa simu. Nimeyasema haya kwa sababu naona watu wakichanganya mafuriko ya mto mkubwa na mafuriko ya ghafla, halafu wanataka onyo la aina moja kwa yote mawili.

MwalimuWaKano

Mzee wangu, umenena vyema. Nyando, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,500, iko katikati: Muhoroni inaweza kupata maji ya ghafla kutoka miteremko iliyo juu yake, wakati Ahero na vijiji vya karibu na mdomo wa mto hupata saa kadhaa za kujiandaa. Auji, Kibos na vijito vya mjini Kisumu havitoi hata saa hizo.

MamaWaLondiani

Wanajukwaa, nimesoma uzi huu tangu mwanzo. Mimi nakaa huku juu Londiani, na kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba mvua inayonipiga saa kumi alasiri ina habari kwa mtu wa Ahero. Tukinyeshewa sana sisi hufikiria barabara na mahindi yetu. Mwalimu, ikiwa mtu wa kawaida huku angependa kusaidia, afanye nini hasa? Sina kifaa chochote, ila shule iliyo karibu nasi ina kituo kidogo cha hali ya hewa uwanjani.

MwalimuWaKano

Mama, umenifurahisha kuliko unavyodhani. Kituo hicho cha shule kinaweza kuwa cha TAHMO, mpango uliosambaza vituo vya namna hiyo barani na kuviweka shuleni ili vilindwe na wanafunzi wajifunze. Muulize mwalimu wa jografia, kwa kuwa takwimu zake hutumwa zenyewe.

Lakini hata bila kituo unaweza kufanya kazi kubwa. Nunua kipimo cha mvua cha plastiki, kile cha bei nafuu kilichoandikwa milimita, kifunge kwenye nguzo mahali palipo wazi, mbali na mti na mbali na ukuta kiasi cha mara mbili ya urefu wake. Mvua ikianza kupiga kwa nguvu, andika saa. Ikikatika, subiri ngurumo ya mwisho ipite nusu saa nzima kabla ya kutoka nje, kisha soma kipimo na uandike saa tena. Milimita 40 ndani ya saa moja zina uzito tofauti kabisa na milimita 40 za usiku kucha, kwa hiyo saa ina umuhimu sawa na kiasi. Zaidi ya hapo, tazama kijito kilicho karibu nawe: maji yamebadilika rangi? Yanabeba magogo? Magogo ndiyo yanayoziba madaraja huku chini.

Mimi kwa upande wangu nitaandika saa maji yanapoanza kupanda kwenye nguzo za daraja la Ahero. Tukiyaweka pamoja maandishi yako na yangu masika mawili matatu, tutakuwa na kitu ambacho hakuna modeli itakayotupa, yaani muda halisi ambao maji ya Londiani huchukua kufika hapa udongo ukiwa mkavu, na muda huo unavyofupika udongo ukishashiba. Mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti ya Kisumu na mwenzake wa Kericho wapewe nakala, maana wao ndio wenye mamlaka ya kutoa onyo, na sisi tusilitoe kwa niaba yao.

MvuviWaDunga

Mwalimu, na sisi tuingizwe. Kamati yetu ya ufuo ina watu wanaokesha wakiwangoja wavuvi. Tunaweza kuandika saa ya ngurumo ya kwanza na upande ilikotoka.

MwalimuWaKano

Karibuni sana, Mvuvi. Mwanga ukionekana, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike, kisha gawanyeni kwa tatu. Hizo ni kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mtumbwi ambao haujaondoka ubaki ufuoni. Mama wa Londiani, nitakutumia ujumbe wa faragha leo jioni tupange jedwali litakaloanza na mvua za Machi.